Inkishafi au Kezilahabi? Cha kusoma maisha yanapokosa maana

Mpwa wangu alinitumia ujumbe saa saba usiku. "Shikamoo mjomba. Umelala? Una kitabu kinachosema tunaishi ili iweje? Sitaki vile vya kuhamasisha, vimenichosha." Ni binti aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita, na bahasha yake ya vyeti imeshachanika pembe kwa kutolewa na kurudishwa mkobani. Nikajiona mjuzi. Kesho yake nikampa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, nikiamini nimempa kilicho bora kuliko vyote vilivyo rafuni kwangu.

Baada ya wiki akanipigia. "Mjomba, mzee huyu ananikataza nisiipende dunia. Mimi dunia yenyewe bado sijaionja."

Nimesoma uhakiki mwingi wa utenzi ule, lakini hakuna ulionikamata koo namna hiyo. Nilikuwa nimechagua kwa kuangalia ubora wa shairi, wala sikumwangalia anayekwenda kulisoma. Tangu siku hiyo watu kadhaa wameniuliza swali lile lile, nami nimejizoeza kuweka mbele yao vitu viwili, Al-Inkishafi na mashairi ya Euphrase Kezilahabi, kisha tunachagua pamoja. Haya ndiyo huwa nawaambia.

Mzee wa Pate na moyo wake

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi wake mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate, mji uliokuwa na nguvu na mali katika visiwa vya Lamu, ulikuwa umeshaporomoka. Ni shairi la beti 70 na kitu tu, unaweza kulimaliza kabla chai haijapoa sana. Ndani yake mshairi hazungumzi na sisi, anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anaukemea, anaubembeleza, anauuliza kwa nini hauamki na kwa nini unaghurika na dunia ilhali unaijua. Anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka, na uhai na taa iliyowashwa penye upepo.

Halafu anaufanyia moyo wake jambo ambalo hoja tupu zisingeweza kulifanya. Anauchukua na kuutembeza Pate. Anauonyesha kwanza nyumba zilivyokuwa, taa zikiwaka hadi usiku ukawa kama mchana, matajiri wamelala juu ya vitanda vyao huku wakipepewa. Kisha anazipitia nyumba zile zile baada ya wenyewe kuondoka. Katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kutoka Uchina, sasa wamelala makinda ya ndege. Mende wanavuma vyumbani. Kwenye kumbi walizokuwa wakipokelea wageni wanalia nyenje. Wako wapi wale wakubwa? Anauliza, na moyo unalijua jibu.

Ukienda Lamu leo utaviona vidaka hivyo katika nyumba za kale, safu juu ya safu, chokaa nyeupe iliyochongwa kwa subira. Na huko Pate kwenyewe watu wanalima tumbaku katikati ya magofu. Mshairi hakutia chumvi.

Mimi Inkishafi niliisoma shuleni nikaifaulu, lakini haikuniingia. Iliniingia mwaka tuliomzika mama. Siku ya tatu, mimi na dada zangu tulifungua kabati lake la vyombo. Juu kabisa kulikuwa na sahani za wageni, kumi na mbili, zenye ukingo wa dhahabu, kila moja imetengwa na mwenzake kwa kipande cha gazeti. Moja ya magazeti yale ilikuwa na habari za uchaguzi wa 2000. Miaka yote hiyo hakuwahi kuja mgeni aliyestahili sahani zile. Tulisimama pale, dada yangu mkubwa ameshika sahani kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake, na papo hapo nikavikumbuka vidaka vya Pate. Usiku ule niliisoma upya yote, kwa sauti, na nilipofika kwa wale ndege nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Kwa hiyo najua dawa ile inamfaa nani. Inamfaa aliyekuwa na kitu. Aliyejenga, aliyelimbikiza, aliyependa, aliyepanda cheo, kisha akaanza kushtuka usiku akihisi kwamba yote yanamponyoka. Swali lake ni: haya yote yanakwisha, mbona bado nayang'ang'ania? Mtu huyu maana ya maisha anaijua, au angalau aliwahi kufundishwa. Tabu yake ni kwamba moyo hautaki kuifuata. Inkishafi haina shaka hata chembe juu ya Mungu, kiyama wala hesabu ya matendo. Inaumaliza mwendo wake mbele ya moto wa Jahanamu. Wenye kuitafuta humo faraja ya kupapaswa mgongo watashtuka, kwa sababu baada ya Pate mambo yanazidi kuwa mazito.

Mbuzi wa Ukerewe

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kisha akafundisha miaka mingi Botswana. Alifariki Januari 2020. Ukilitaja neno udhanaishi, ile falsafa inayosema mtu hukuta yupo tu duniani na maana ajitafutie mwenyewe, mbele ya mwalimu yeyote wa fasihi ya Kiswahili, jina lake ndilo litakalofuata. Riwaya yake Kichwamaji ya 1974 ina Kazimoto, msomi asiyeona sababu ya kuendelea kuwapo, na mwisho wake si mwema. Lakini mimi huwapa watu mashairi. Kichomi ilitoka mwaka huo huo wa 1974, Karibu Ndani ikafuata 1988, Dhifa 2008.

Mfano mmoja unatosha. Katika shairi lake Dhamiri Yangu, msemaji ni kama mbuzi. Dhamiri imemfunga shingoni, na mti aliofungwa ni mti wa utu. Kamba ni fupi. Ameshazunguka hadi amechora duara chini, na majani yote aliyoweza kuyafikia ameyamaliza. Mbele anaona majani mengine, mengi, mabichi, na hayafikii. Namna shairi linavyomalizika sikwambii, likute mwenyewe.

Kama umewahi kufuga, unalijua duara hilo. Nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga kulikuwa na mbuzi wa jirani, kila asubuhi anafungwa kwenye mwarobaini ule ule. Ndani ya duara ni vumbi tupu, limekanyagwa likawa gumu kama sakafu. Nje ya duara, hatua moja tu, nyasi zimesimama hadi magotini. Mpaka kati ya vumbi na nyasi ulikuwa wazi kana kwamba umepigwa kwa bikari. Na mbuzi yule alikuwa na tabia moja iliyonichekesha kabla haijanihuzunisha: alikuwa akila huku amepiga magoti ya mbele ili apate inchi mbili zaidi.

Hilo ndilo swali la Kezilahabi, na liko mbali kabisa na la Pate. Hapa hakuna mali iliyopotea. Kuna uhai ulioanza ukakuta kamba shingoni, na mwenye nayo anajiuliza alifungwa na nani, na kwa idhini ya nani. Mtu wa namna hii hashtuki usiku kwa hofu kwamba vitu vitamtoka. Anashtuka asubuhi, akiulizwa na dari la chumba chake aamke akafanye nini.

Jambo moja ambalo hupenda kumwonyesha msomaji mpya: angalia mti wenyewe ni upi. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, katika mhadhara wake wa Paris mwaka 1945, alisema mtu kwanza yupo tu, ndipo baadaye anajifanya awe nani; hakuna hulka iliyomsubiri. Kezilahabi aliyajua mawazo ya namna hiyo vizuri. Lakini mbuzi wake hakuachwa huru nyikani. Amefungwa kwenye utu, neno ambalo kwetu lina bibi, majirani, mazishi, michango na aibu ndani yake. Ndiyo maana nasema udhanaishi wake haukuagizwa ukiwa umefungwa kwenye boksi. Mtu wa Sartre anateswa na uhuru wake, huyu wa kwetu anateswa na watu anaowapenda.

Vina, na kwa nini si suala dogo

Wengi wakivilinganisha vitabu hivi huanzia kwenye umbo. Mimi nimelichelewesha makusudi, lakini siwezi kuliruka.

Kila ubeti wa Inkishafi una mishororo minne. Mitatu ya kwanza inaitikiana kwa kina kimoja, na wa nne, katika shairi zima, unatua kwenye "ye". Lisome kwa sauti na baada ya dakika tano utaanza kuisubiri "ye" ile kama mtu anayesikiliza mlango ukirudi kwenye fremu. Nyumba zimeanguka, wakuu wamekufa, ndege wamezaa vidakani, na "ye" ipo palepale. Kabla hujafikiri lolote juu ya dini, sikio lako limeshaambiwa kwamba kuna mpango usiovunjika chini ya uharibifu huu wote.

Kezilahabi aliitupa nguzo hiyo. Katika Kichomi aliandika bila vina wala mizani, kwa lugha wanayosemezana watu wakikutana. Miaka 20 kabla, mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshachapisha sheria za kutunga mashairi, na kwa wanamapokeo kitu kisichoweza kuimbwa hakikuwa shairi. Waliyaita guni, yaani mashairi yaliyokosa vina au mizani, wengine kwa maneno makali kuliko hilo. Ugomvi ule wa miaka ya 1970 mara nyingi hufundishwa kama mabishano ya ufundi. Mimi nadhani walikuwa wakigombea maana ya maisha bila kulitaja jina lake. Anayeamini dunia ina mpango atataka mishororo yake ikutane. Anayeshuku mpango huo atawezaje kusema "sijui" kwa vina vilivyonyooka? Wanamapokeo walikuwa na haki kuhisi kwamba kuna kikubwa kuliko silabi kilichokuwa kinaondolewa. Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa Kezilahabi kwa asilimia mia. Siku hizi, kila nikisikia "ye" ile, nayumba kidogo.

Kwa msomaji anayechagua, hili lina maana ya kawaida kabisa. Inkishafi isome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu mwingine, hata kama ni mmoja. Kimyakimya inapoteza nusu. Mashairi ya Kezilahabi ni ya kusoma kimya, moja kwa siku, kisha ukaenda kufua nguo. Ukiyabugia kumi kwa mkupuo yanakuwa uchungu mtupu.

Lugha: hapa watu hukosea

Jina la Kezilahabi huwatisha watu kwa sababu ya riwaya zake za mwishomwisho, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, ambazo kweli zinahitaji msomaji aliyejifunga kibwebwe. Mashairi yake mengi si hivyo. Mbuzi, kamba, mto, kisu: maneno ya nyumbani. Ugumu unakuja baada ya kuelewa maneno yote.

Inkishafi ni kinyume chake. Iko kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na msomaji aliyekulia Dodoma au Kisumu atakwama ubeti wa kwanza. Usikimbie. Jifunze mageuzi machache tu kwanza: kichwa ni kitwa, macho ni mato, njia ni ndia, penye "vi" mara nyingi utakuta "zi", hivyo zisahani ni visahani. Nyuni ni ndege, ngende ni nyenje. Tafuta chapisho lenye maelezo ya maneno pembeni. William Hichens alilitoa lake, lenye tafsiri ya Kiingereza, mwaka 1939, na baada yake yamekuja mengine. Ushauri wangu, ambao walimu wengine hawataupenda, ni kuanzia katikati, kwenye magofu. Ukishaziona zile nyumba, rudi mwanzo ukamsikie akiukemea moyo wake. Ukianza na dua na utangulizi huku unapambana na kila neno, utaiweka chini.

Wasiosoma Kiswahili kwa wepesi, watoto wetu wanaokulia Ulaya au Marekani, wana bahati upande wa Kezilahabi pia: kuna Stray Truths, mashairi yake yaliyochaguliwa na kufasiriwa kwa Kiingereza na Annmarie Drury, iliyotoka 2015.

Na wengine?

Huulizwa kwa nini nisimpe mtu Albert Camus moja kwa moja, yule aliyeandika mwaka 1942 juu ya mtu wa ngano ya Wagiriki anayesukuma jiwe mlimani milele, akatutaka tumwone kuwa ana furaha. Mpe, hakuna ubaya. Ila uzoefu wangu ni kwamba jiwe lile msomaji wa kwetu hulistaajabia, akasema kweli bwana, akaendelea na shughuli zake. Mbuzi humkera. Mbuzi amemwona.

Shaaban Robert ndiye ninayempa mfiwa, na simwingizi kwenye mashindano haya. Shairi lake la kumlilia mkewe Amina, aliyemfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua, halitafuti maana ya maisha kwa jumla. Linamtafuta mtu mmoja. Msiba ukiwa bado mbichi, hilo latosha.

Basi uchague vipi

Kwanza, usichague kwa dini. Namjua padri anayeijua Inkishafi nusu yake kwa moyo, na namjua mwalimu wa madrasa anayemsoma Kezilahabi usiku. Aliniambia kwamba imani isiyojua shaka inafananaje haiwezi kumjibu kijana. Wala usichague kwa umri, ingawa umri una lake la kusema.

Jiulize umesimama wapi. Kama mikono yako imejaa na unaogopa kufumbua vidole, nenda Pate. Kama mikono ni mitupu na hujui hata unyooshe wapi, nenda Ukerewe. Ukikosea, utajua haraka: Inkishafi kwa asiye na kitu inasikika kama mawaidha ya mtu aliyeshiba, na Kezilahabi kwa aliyefiwa jana anasikika kama mtu anayebishana kwenye matanga.

Kuna mahali pamoja nisipokubali kumpa mtu kimojawapo. Kezilahabi ana mashairi yanayosogea karibu sana na ukingo. Kisu Mkononi jina lake linajieleza. Kwa mtu mwenye huzuni ya kawaida, kukuta kwamba mwingine aliwahi kusimama palepale akaandika ni nafuu kubwa. Kwa mtu ambaye ameshaanza kupanga namna ya kujidhuru, kitabu si cha kumkabidhi na kumwacha. Huyo nenda kwake, kaa naye, usimwache peke yake, mfikishe kwa daktari. Mashairi yatasubiri.

Ukiniuliza kipi ni kikubwa kama sanaa, nitasema Inkishafi, na sitajiuma ulimi. Sijaona kwingine katika Kiswahili ambako falsafa nzima imewekwa ndani ya kidaka kimoja chenye kiota. Ukiniuliza ni kipi nimekitoa mara nyingi zaidi miaka hii, jibu ni Kichomi. Wanaoniuliza wengi ni vijana, na wengi wana bahasha za vyeti.

Mpwa wangu nilimpelekea nakala yangu, ile yenye jalada lililoshikizwa kwa gundi. Hakunipigia kwa wiki tatu. Kisha ikaja picha kwenye simu, bila salamu: uwanja wa nyuma wa nyumba yao, kigingi, na duara la vumbi. Mbuzi hayupo. Chini ameandika, "Mjomba, hiki kitabu sirudishi." Nikamwandikia kwamba ni sawa, ila Inkishafi niletee. Akajibu, "Hiyo kaa nayo kwanza. Nikipata kazi nitaiomba."